Chubwi Chini ya Chelezo

Jumapili ya tatu ya Januari hakuna mtu aliyegonga mlango wa jikoni wa Glenda Pugh. Tangu saa moja na nusu asubuhi, giza likiwa bado halijaamua kuondoka, Glenda alikuwa amekwisha kata mikate minne, amepanga vipande vya nyama ya nguruwe kikaangoni na kuchemsha birika kubwa ambalo kwa watu watatu wa nyumba ile halina kazi. Saa mbili ikapita. Saa tatu ikapita. Mafuta yakaganda kwenye kikaango.

Kwetu hapa Cransby, anayekwenda kuvua Mto Tillow wakati wa baridi hupitia geti la bustani ya akina Pugh, kwanza kwa sababu ndiyo njia fupi, pili kwa sababu ya jiko lile. Wavuvi huingia na viatu vyao vya mpira na matope yao, wakaanika soksi juu ya jiko, wakala, wakatukanana, wakasimulia samaki ambao hakuna mwingine aliyewaona. Asubuhi hiyo Glenda aliwaona kupitia dirishani, wote tisa, fimbo mabegani, wanazunguka kwa daraja la kinu. Ni kilomita mbili za ziada juu ya umande ulioganda. Watu wazima, mmoja wao ana goti la bandia, wanatembea kilomita mbili ili tu wasilazimike kumwambia habari za asubuhi.

“Wamekufa?” aliuliza mama mkwe wake, Olwen, kutoka kwenye kiti chake kando ya jiko. Olwen ana miaka themanini na sita na husikia anachotaka kusikia.

“Wazima, Mama. Wamepita kule.”

“Basi nipe mimi hiyo nyama.”

Mwenye makosa yake, Alwyn, mume wa Glenda, miaka hamsini na tisa, dereva wa lori la kokoto, alikuwa kwenye kibanda cha uani akijifanya anachambua misumari.

Kosa lenyewe, ukimsimulia mtu wa mji mkubwa, atacheka mpaka chai imtoke puani. Kipande cha juu cha mto wetu, kile chembamba chenye mizizi ya miti ya mierebi, wakati wa baridi kinavuliwa kwa chelezo tu, kile kinachoelea juu ya maji. Babu zetu waliandika sheria hiyo na ubao wake upo mpaka leo kwenye geti la akina Pugh: kuanzia Mwaka Mpya hadi tarehe kumi na nne Machi, msimu unapofungwa, hakuna kulaza ndoana chini kwa chubwi, ile risasi ya kuzamishia. Unatupa mshipi wenye chelezo chekundu, chembamba kama penseli, mkate umening’inia chini yake, na mto unavichukua. Kazi yako ni kuuachia mshipi kutoka kwenye gurudumu kwa ncha ya kidole, unazuia kidogo, unaachia kidogo, ili mkate utangulie na uende kwa mwendo wa maji, usiende kwa mwendo wako. Maji ya Januari ni meupe kama glasi. Chabu, samaki mnene mwenye mdomo mpana na woga wa panya, yuko chini pale anatazama kila kinachopita. Chelezo kikishtuka kidogo tu, ameshaondoka.

Na huyo chabu haliwi. Ana miiba isiyohesabika na ladha ya pamba iliyolowa. Tunampima, tunamsifu, tunamrudisha majini. Kwa hiyo hakuna kitu mtu anachogombea pale mtoni isipokuwa namna ya kumpata, na ndiyo maana namna hiyo kwetu ni kila kitu.

Alwyn alikuwa bingwa wa namna hiyo. Mara sita amechukua Ngao ya Kipupwe, tuzo ya chama chetu cha wavuvi, ubao wa mwaloni wenye vibati vya majina uliokazwa kwa skrubu juu ya meko sebuleni kwake. Basi Jumapili ya pili ya Januari, Colin Gittins, mpeleka barua mstaafu, akiwa ng’ambo ya mto, akaona chelezo cha Alwyn kimesimama. Maji yanakwenda, majani yanakwenda, chelezo kimetulia kama mtu anayengoja basi. Fimbo imeegeshwa kwenye kijiti chenye panda, na mikono ya mwenyewe imo mifukoni. Gittins akazunguka darajani, akauinua ule mshipi mbele ya mashahidi wawili. Chini palikuwa na chubwi ya risasi, nzito, imejilalia. Chelezo kilikuwa cha macho ya watu tu.

Alipoulizwa, Alwyn alijibu kwamba amechoka. Alikusanya vyombo vyake akaenda zake, na ilipofika saa sita mchana habari ilikuwa imekwisha fika kwa muuza nyama, kwa kinyozi na kanisani, huko ikiwa imeota miguu: kwamba amekuwa akifanya hivyo tangu Ngao ya kwanza.

*

Barua ya kamati ilikuja Jumanne. Alwyn alitakiwa afike Jumamosi saa sita mchana, chumba cha juu cha baa ya Jembe na Farasi, aeleze kwa nini jina lake lisifutwe katika chama. Sahihi ilikuwa ya mwenyekiti, Trevor Bebb. Na Bebb huyu ndiye msimamizi wa magari pale machimbo ya kokoto. Siku za kazi ni bosi wa Alwyn, Jumapili ni mwenyekiti wake.

Alwyn aliisoma barua, akaikunja, akaiweka chini ya kopo la sukari. Glenda alimwuliza atakwenda kusema nini. Alisema hatakwenda, wakitaka kufuta wafute. Mtu ambaye alikesha usiku wa harusi ya dada yake akieleza namna ya kufunga ndoana, sasa anasema wafute, kama anayezungumzia doa kwenye meza.

Huko nje Glenda alikuwa akivuna alichopanda mumewe. Kwa muuza nyama foleni ilinyamaza alipoingia, kisha mke wa muuza nyama akamwuliza, kwa sauti ya huruma iliyosikika mpaka barabarani, kama wiki hii pia atachukua kilo tatu, au sasa nusu itamtosha. Alichukua kilo tatu. Alizibeba nyumbani huku akijua hakuna wa kuzila.

Jumatano Gittins akaja kuichukua Ngao.

“Nimetumwa, Glenda,” alisema mlangoni, kofia mkononi. “Mimi na nyumba hii hatuna ubaya.”

“Pita. Futa miguu.”

Kumbe hakuja na bisibisi. Ikabidi Glenda afungue droo, apekue, amtafutie mgeni bisibisi ya kumvulia mume wake heshima. Alwyn alikuwa amekaa pale pale kwenye kochi, mikono ameikumbatia kwapani. Gittins akapanda kwenye kigoda, akahangaika na skrubu ya kwanza mpaka sikio likawa jekundu.

“Njoo basi, Alwyn, hizi ulizikaza wewe.”

“Wewe si ndiye uliyezitaka? Zifungue.”

“Ukimaliza hapo, Colin,” Olwen alisema kutoka jikoni, “kuna na choo kinavuja.”

Gittins alicheka peke yake. Alipoondoka na ubao kwapani, ukutani pakabaki mraba wa rangi ya zamani na matundu manne. Olwen aliutazama ule mraba kutoka mlango wa jikoni. Alwyn aliutazama. Lakini Glenda alikuwa akimtazama Alwyn. Huyu ni mtu aliyejenga kibanda cha uani kwa mikono yake, mtu asiyeweza kumwona mwenzake anashika bisibisi vibaya bila kumpokonya, na amekaa nusu saa nzima anamwangalia Gittins akiharibu vichwa vya skrubu. Na ile mikono kwapani haikuwa mikono ya mtu aliyekasirika. Ilikuwa imefungiwa humo.

Hapo mambo yakaanza kumjia moja moja, akiwa anaosha vyombo. Kwamba tangu vuli Alwyn havai shati la vifungo, ni sweta tu. Kwamba chai anataka nusu kikombe, na anaomba awekewe mezani. Kwamba kadi za Krismasi mwaka huu alimwambia asaini yeye kwa ajili ya wote. Kwamba kila siku ni viazi vya kuponda, viazi vya kuponda, na ukimwuliza anasema meno.

*

Alhamisi, kwa chakula cha jioni, Glenda alipika njegere.

Aliziweka kwenye sahani ya mumewe, nyingi, kijani kibichi, pembeni ya kipande cha nyama. Akakaa, akaanza kula kana kwamba hana habari.

“Leo hakuna viazi?” aliuliza Alwyn.

“Leo njegere.”

Alitazama sahani. Alimtazama mama yake, aliyekuwa anakula kwa bidii. Kisha akashika uma, akachota. Njegere zikaanza kuruka kabla hazijafika kidevuni, mbili, tatu, nne, zikagonga sahani, zikabingirika mezani, moja ikamwangukia Olwen mapajani. Akateremsha uma, akajaribu tena kwa mkono wa pili ukiushikilia wa kwanza, na ikawa vibaya zaidi. Glenda alikuwa amejiandalia maneno makali kutwa nzima. Hata moja hakulikumbuka.

“Tangu lini?”

“Ni baridi hii.”

“Mimi nimevaa mikono mifupi humu ndani, Alwyn. Tangu lini?”

“Agosti.”

Ilianza kwenye kidole gumba, alisema, akadhani ni lile gurudumu la mshipi limemchosha. Halafu kiganja. Mtoni ndiko ilikomshinda kabisa. Hawezi tena kuuachia mshipi. Chelezo kinadunda kama kimepigwa na umeme, na samaki wote wa Tillow wanahama. Ndiyo akaweka chubwi, aegeshe fimbo, mkono auweke mfukoni usionekane. Chelezo akakiacha pale ili ng’ambo waone chelezo. Alidhani hakuna atakayeangalia kwa makini. Alisahau kwamba Gittins kazi yake miaka arobaini ilikuwa kujua kila nyumba inapokea nini.

“Na lori?” aliuliza Glenda.

“Kwenye usukani inatulia.”

“Tani thelathini na mbili, na unapita mbele ya shule.”

“Nimekwambia inatulia.” Lakini aliisema kama mtu anayemwuliza.

Glenda alitaka kujua kwa nini asiseme basi, awaambie wale watu Jumamosi kwamba si udanganyifu bali ni mkono. Wangeelewa. Alwyn akamtazama kama anayemwonea huruma.

“Nikimwambia Bebb wa chama, nimemwambia Bebb wa machimbo. Jumatatu sina ufunguo wa lori. Nyumba hii itakula nini, Glenda, maganda ya mkate?” Akaanza kuokota njegere, moja moja, kwa shida. “Waache waseme mdanganyifu. Mdanganyifu bado anaendesha lori.”

Olwen akaiokota njegere yake mapajani, akaila, akafuta kinywa.

“Baba yako naye ilikuwa hivyo hivyo,” alisema.

Wakageuka wote wawili.

“Baba alikuwa mlevi, Mama,” alisema Alwyn.

“Idris hakuwa mlevi. Alikuwa anaonja Krismasi na kwenye misiba. Mikono ilikuwa ikimtetemeka tangu miaka hamsini, na kwenye reli walikuwa wakimwachisha kazi mtu mgonjwa wa mikono, kwa sababu alikuwa anashika zile nyenzo za ishara za treni. Mlevi walikuwa wakimsamehe. Mlevi alikuwa akikatwa mshahara wa siku mbili, anarudi.” Alivuta pumzi. “Basi tukawaacha waseme mlevi. Nilikuwa nikimmwagia bia kwenye koti kabla hajatoka, anuke.”

Alwyn alikuwa ameacha kuokota.

“Na wewe ukakua unamwona mlevi. Nilikusikia ukiwaambia wenzako, una miaka kumi na miwili, kwamba wewe hutakuwa kama yeye. Alikuwa nyuma ya mlango. Hakusema kitu. Miaka thelathini hakusema kitu, akafa na nimonia ana themanini na mbili, anajilisha mwenyewe mpaka siku ya mwisho, na kwenye mazishi mchungaji akatuombea sisi familia tuliovumilia pombe.” Akasukuma sahani yake. “Nami nikasema amina. Sitaisema mara ya pili.”

*

Ijumaa Alwyn alitoka saa kumi na moja alfajiri kama kawaida. Glenda alilala macho wazi, akisikia gari dogo likiwaka, likiondoka. Baada ya nusu saa akalisikia linarudi.

Alimkuta mumewe amekaa mezani na koti lake. Alisema alifika geti la machimbo, akatoa kadi ya kufungulia, na kadi ikakataa kuingia kwenye kile kijitundu. Akajaribu kulia, kushoto, mikono miwili. Nyuma yake malori matatu yakaanza kupiga honi. Kijana wa lori la nyuma akashuka, akaichukua kadi vidoleni mwake, akaiingiza, geti likafunguka, akamwambia kwa heshima tu, pita, mzee. Naye badala ya kupita akawasha taa za kurudi nyuma, akawaomba wampishe.

“Yule kijana ana mke mjamzito,” alisema. “Anapita barabara ileile ninayopita mimi.”

Glenda alimpigia simu Bebb, akasema Alwyn leo hajisikii vizuri. Bebb akasema, kwa sauti kavu, kwamba anadhani anajua kwa nini.

*

Jumamosi chumba cha juu cha Jembe na Farasi kilikuwa na watu kumi na wanne, wingi ambao mkutano wa mwaka haujawahi kuuona hata siku ya soseji za bure. Wengine tulisema tumekuja kulipia kadi zetu. Ngao ilikuwa juu ya meza ya mbele, imeegeshwa ukutani, na skrubu zake nne kwenye kisahani.

Ngazi zikalia, wakaingia watatu: Alwyn, Glenda, na Olwen akishika ukuta, kila daraja akilitukana kwa jina lake. Gittins, ambaye ni katibu, akasimama. Akasema kwa upole kwamba kikao hiki ni cha wanachama.

“Colin,” alisema Olwen, “soksi zako zimekaukia kwenye jiko langu miaka ishirini. Nipe kiti.”

Akapewa kiti. Bebb, mtu mrefu mwenye miwani ya kusomea kwenye ncha ya pua, akasoma sheria, akasoma maelezo ya mashahidi wawili, akavua miwani. Akasema yeye binafsi jambo hili limemwuma, maana yeye mwenyewe kuvua kwa chelezo alifundishwa na Alwyn. Akamwuliza kama ana la kusema.

Alwyn alibaki amesimama. Mezani palikuwa na jagi la maji na glasi, kwa ajili ya wazungumzaji ambao kwetu hawana haja nayo. Akaliendea. Akamimina glasi moja, na jagi likagonga mdomo wa glasi, kigi-kigi-kigi, na sauti ile ikiendelea hakuna aliyejua atazame wapi. Kisha akaiinua ile glasi kwa mkono wa kulia, akaishikilia pale hewani mbele yetu. Maji yakaruka. Yakamlowesha mkono, yakamwagikia daftari la Gittins. Hakuiteremsha mpaka ilipobaki nusu.

“Chubwi niliweka,” alisema. “Ni kweli. Chelezo nilikiacha ili niwadanganye. Hiyo nayo ni kweli. Zile Ngao sita ni halali, mkitaka msiamini. Sikuwa na mkono wa kuvulia msimu huu, na sikutaka mjue.”

Gittins alikuwa amelinyanyua daftari lake likichuruzika, hata hakulifuta.

“Tangu lini?” aliuliza Bebb. Sauti yake haikuwa ya mwenyekiti tena.

“Agosti.”

“Umeendesha lori langu tangu Agosti.”

“Ndiyo.”

“Na mkono huo.”

“Ndiyo, Trevor.”

Bebb akasimama, na kwa muda tulidhani atamrukia. Alisema mambo machache, kwa sauti ya chini, na yote yalikuwa ya haki: kuhusu ile kona ya shule, kuhusu wenzake barabarani, kuhusu yeye Bebb ambaye angekwenda kuwaeleza watu kwenye kaburi la mtoto. Alwyn alisimama akayapokea. Bebb alipomaliza, alinyoosha mkono wake juu ya meza, kiganja wazi. Alwyn akaingiza mkono mfukoni. Ilichukua muda kuutoa ufunguo kwenye pete yake. Glenda alijiinua nusu kutoka kitini amsaidie, Olwen akamshika sketi, akamkalisha. Alwyn akautoa mwenyewe. Akauweka kiganjani mwa Bebb.

“Jumatatu hutapanda gari,” alisema Bebb. “Utakwenda kwa daktari. Ukitoka huko unakuja ofisini kwangu na karatasi, kuna malipo ya ugonjwa na kuna mzani wa malori unaohitaji mtu mwenye macho. Sikuahidi kitu.” Akavaa miwani. “Lakini uje.”

Kisha akaketi, akajikuta bado ni mwenyekiti, akauliza kamati inasemaje. Wakasemezana kidogo. Ngao ya mwaka huu Alwyn hatashindania, maana sheria ni sheria. Kumfuta chamani, nani anaunga mkono? Mikono haikuinuka. Gittins akakohoa, akasema kuna jambo moja bado la utaratibu. Kipande cha juu ni cha chelezo. Mwenzetu chelezo hakiwezi. Itakuwaje?

Glenda hakuwa ameomba nafasi.

“Sheria yenu inasema fimbo moja kwa mwanachama,” alisema. “Nimeisoma getini kwangu miaka thelathini nikitupa takataka. Haisemi mikono mingapi.”

Bebb akaitafuta sheria. Akaisoma kimoyomoyo, midomo ikicheza.

“Wewe unajua kuvua?” alimwuliza.

“Nimewasikiliza mkivua jikoni kwangu kila Jumapili. Nawajua mpaka samaki ambao hamkuwapata.”

Cheko lilianzia nyuma, kwa mwenye goti la bandia, likaja mbele. Gittins aliandika kitu kwenye daftari lake lililolowa, kalamu ikatoboa karatasi.

*

Jumapili mto ulikuwa chini, mweupe, nyasi za kingoni zimesimama kama waya kwa baridi. Glenda alivaa koti la mumewe na kofia ya mama mkwe. Tangu saa mbili watu walikuwa wamejaa jikoni, lakini alimwachia Olwen jiko, ambaye alikataa katakata kushika kikaango na akawagawia kazi: wewe kata mkate, wewe angalia nyama isiungue, na wewe uliyekwenda kwa daraja la kinu wiki iliyopita, vyombo viko pale.

Chini kwenye mierebi, Alwyn alisimama nyuma ya bega la mkewe. Mikono alikuwa nayo nje, mmoja umeshika wavu wa kuopolea, mwingine ukitetemeka tu kando ya paja lake bila kazi.

Mara ya kwanza Glenda alitupa mshipi kwenye tawi. Mara ya pili kwenye kofia yake. Mara ya tatu chelezo kilishuka majini vizuri, naye akakishangilia mpaka akasahau kuuachia mshipi, kikaja chenyewe mguuni kwake.

“Muachie,” alisema Alwyn. “Usimvute. Muachie aende.”

“Namwachia nani? Hakuna mtu pale.”

“Mto. Uuachie mto.”

Ilichukua saa nzima. Alimwambia wapi pa kurusha mkate uliopondwa, na kwamba akishaurusha asivue pale kwanza, amwache chabu apate kiburi. Alimwambia asikitazame chelezo, atazame maji mbele yake. Akizungumza hivyo sauti yake ilikuwa imara, na Glenda, ambaye miaka yote alidhani wanachofanya kule chini ni kukimbia kuosha magari, akaanza kusikia kwa ncha ya kidole chake kitu kama kamba ya mbwa anayejua njia. Akazuia. Akaachia. Chelezo kikatelemka chini ya mizizi, polepole, kikapita kivuli, kikafika pale maji yanapogeuka rangi. Kikazama.

“Sasa,” alisema Alwyn.

Fimbo ikapinda. Glenda akatoa maneno ambayo hatukujua anayajua. Samaki akakimbilia mizizi, Alwyn akamwambia shika upande, upande, usimpe, na akateremka kingoni hadi magotini, akautumbukiza wavu kwa mikono miwili. Wavu hauhitaji kidole chepesi. Chabu akaingia humo mzima, mgongo wa shaba, mdomo wazi, uzito wake kama mkate wa siku ya sikukuu. Glenda alimshika majini, kichwa kikielekea mkondo, kama alivyoambiwa, mpaka alipohisi misuli imerudi. Kisha hakuwa na kitu mkononi.

Alikaa kwenye nyasi zilizoganda, akipumua.

“Lete,” alisema Alwyn.

Alimpa fimbo. Alwyn akabandika mkate kwenye ndoana. Alijaribu mara nne, Glenda hakumsaidia. Akatupa. Chelezo kilianguka majini kikaanza safari yake kikidunda, kikicheza, kikiyumba kama kina homa, na yeyote aliyekuwa na macho kwenye kingo zote mbili aliweza kukiona. Kesho alikuwa na daktari saa tatu. Leo hakujaribu hata kukificha nyuma ya mti.

Ng’ambo ya mto Gittins aliacha kuvua. Alikiangalia kile chelezo muda mrefu, kisha akaweka viganja mdomoni.

“Pugh! Unanifukuzia samaki wangu!”

Tulikuwa tumesimama kwenye geti na vikombe vyetu, na hakuna aliyemeza.

“Samaki wako wamo kwenye kopo, dukani!” alijibu Alwyn, na akatupa tena.